Majivu Katika Mtungi wa Kichina

Feza, mke mwenzangu,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako upande wa soko, na najua hutarudi upesi, maana kila nyumba itakukalisha na kukutilia sahani. Vizuri. Kula kwao, niache niandike. Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, daftari lako la zamani liko magotini, na yule kuku wako mweupe asiye na adabu ananitazama kama vile anajua kusoma.

Usitafute humu habari za kufunga mlango, za kuchemsha maji, za wanaume wa Kindu. Hayo mama yako amekuambia kwa simu toka Salamabila mpaka simu ikakatika, na mimi nilikuwa nyuma yako nikitikisa kichwa. Yametosha. Mimi nataka kukuambia habari za Mushinwa, huyu Mchina, mtungi wetu. Nusu yake unaijua, maana umetia majivu ndani yake tangu mikono yako ilipofika kwenye mdomo wake. Nusu nyingine sikukupa, si kwa siri, ni kwa uvivu tu. Mtu akizoea kitu nyumbani hakielezi tena.

Naandika pia kwa sababu ya neno ulilolisema wiki iliyopita hapa hapa jikoni. Ulisema, "Bibi, siendi Kindu kusoma. Nitangoja mwaka mwingine. Mikono yako haiwezi tena beseni ya majivu, na miye nikienda, kazi ya sabuni itakufa."

Nami nikakujibu, "Kwani nilikuomba kwa mama yako ili ukuwe mikono yangu?"

Ukachukua bido ya maji ukaenda kisimani, na bido zote zilikuwa zimejaa. Nilikuona. Jibu langu lilikuwa baya, ingawa halikuwa la uongo. Jibu zuri limenijia polepole, kama majivu yanavyotoa maji. Ndilo hili, chukua.

Baba mkwe wangu, baba yake babu yako Ramazani, alikuwa mpishi wa Wazungu wa pamba hapa Kasongo. Madamu wa nyumba ile alikuwa na mitungi miwili ya kauri, mapacha, rangi yake kama jani la muhogo ukiligeuza upande wa chini. Maua yalichorwa ndani ya udongo wenyewe, ukiyatazama hivi hivi huyaoni, mpaka chombo kilowe. Shingoni ilivikwa kola ya majani ya dhahabu, mabegani vichwa vya kondoo dume vyenye pembe, na chini ilikalia pete nzito yenye nyayo nne za simba, nazo za dhahabu. Madamu alimwambia mpishi wake kwamba udongo ulifinyangwa China, zamani za zamani, halafu wakubwa wa Ufaransa, watu waliopenda kila kitu king'ae, wakauvika yale mapambo. Nchi ilipobadilika Wazungu wale wakaondoka. Madamu akamwachia mpishi mitungi yake, kwa sababu mtoto wake alipougua, yeye mpishi ndiye aliyekesha naye akimpa uji kwa kijiko. Alimwambia ni asante, si amana. Baba mkwe alilirudia neno hilo mpaka kufa kwake, mtu asije akatuita wezi.

Aliwagawia wanawe wawili, kila mmoja mtungi wake. Mkubwa, aliyeoa Nyangwe, aliuweka wa kwake juu ya kabati akaufunika kitambaa cha kufuma. Upo mpaka leo, umeuona mwenyewe, unang'aa kama siku ulipotoka kwa Madamu. Mke wake, Mama Sifa, aliupangusa kila Ijumaa, na kila tulipokwenda kuwasalimu alinikalisha uso kwa uso na ule mtungi, hata kama kivuli kilikuwa upande mwingine.

Wa kwetu ulikuwa na mimi, na mimi ndiye niliyeuvua nguo.

Babu yako alikuwa akichimba dhahabu Salamabila. Alikuwa akirudi na matope masikioni na kikohozi, na mara nyingi bila kitu kingine. Nilikuwa kijana, mama yako yuko mgongoni, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko sasa, kama unaweza kuamini. Siku moja nikautazama mtungi, nikamtazama yeye, nikasema, "Ramazani, unaacha dahabu mu nyumba, unaenda kutafuta dahabu mu matope. Weye ni mutu wa akili?"

Alinieleza taratibu. Alisema ile ni shaba, dhahabu wameipaka juu tu, nyembamba kama utando juu ya maziwa. Yeye alikuwa mtu wa dhahabu, angeijua hata gizani kwa ulimi. Ningemsikiliza tu. Lakini nikamwambia, "Sema tu unaogopa kaka yako wa Nyangwe."

Mwanaume wa hapa ukimwambia anamwogopa kaka yake, umemaliza maneno. Aliupindua mtungi palepale. Chini kulikuwa na chuma kilichopita katika tundu, kimefungwa kwa nati, ndicho kilichoshika ile pete ya nyayo. Akakifungua. Akatoa kola, akatoa kondoo. Akaleta zebaki yake, ile wanayokamatia vumbi la dhahabu kule mgodini, akaisugua juu ya ile shaba kwa kitambaa, na tulikuwa tunaona dhahabu inageuka nyeupe, zebaki inainywa. Akaikamua, akaiweka kwenye kijiko, kijiko juu ya mkaa wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipepea.

Kijiko kilipopoa tukainama. Kulikuwa na kitu kama mbegu ya pilipili. Na si pilipili kubwa, Feza. Ile ndogo ya ndege.

Babu yako akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, na mama yako mgongoni kwangu akacheka kwa kumwona. Mimi sikucheka. Mbegu ile ilitupatia makayabo, samaki wale wa chumvi, na unga, basi. Dhahabu ya wakubwa wa Ufaransa tuliila kwa bugali, na makayabo yenyewe yalikuwa na chumvi mno. Kola na kondoo akapewa mhunzi. Pete ya nyayo ilibaki, ikawa nyeusi, nikaanza kuitegea sufuria. Ndiyo Simba wako, uliyekuwa ukimlisha mchanga.

Halafu nikachota maji nikatia ndani ya mtungi, angalau uwe mtungi. Yakanimwagikia miguuni. Ndipo nilipoliona tundu vizuri. Nani anachukua chombo kizuri namna ile anakitoboa makalioni ili akivalishe kiatu? Nikautupa nyuma ya jiko. Nyanya zikaota kuuzunguka.

Sasa sikiliza jambo ambalo kweli nataka ulibebe. Miaka mingi nilimsimanga babu yako kwa ule mtungi. Tukitoka Nyangwe, njia nzima, "Wa kaka yako unang'aa." Chumvi ikipungua, "Mwenzako hakuharibu vyake." Yeye hakuwahi kunijibu kwamba ni mimi niliyempepelea mkaa. Hata mara moja. Angeweza kuniziba mdomo kwa neno moja na hakulitumia. Nililitambua hilo nikiwa nimeshazeeka, siku moja ninakuna nazi ya watu wa harusi, likanijia tu, nikaacha kukuna. Nikamfuata pale alipokaa nikamwambia, "Ramazani, ni miye nilipepea." Akasema, "Najua. Nilikuwapo." Tukaishia hapo, na chai ya siku ile nilimtilia sukari yake na yangu.

Utaishi na watu, Feza. Mtaharibu vitu pamoja, hakuna budi. Ukimwona mtu anaweza kukusimanga na hafanyi, mshike huyo.

Turudi nyuma, mtungi ungali kwenye nyanya: vita vilipita kwetu, barabara zikafungwa, sabuni ikaadimika sokoni kama ushauri wa bure wa wakili. Watu walikuja kwa miguu toka Kabambare na vichwa vyao vimebeba walichoweza. Mwanamke mmoja Mubangubangu alifika uani kwetu na mtoto na mkeka. Aliitwa Mama Bitondo. Babu yako alisema akae. Mimi nilimwonyesha banda la mbuzi. Usifumbe macho, soma: banda la mbuzi, na chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Nilikuwa nahesabu midomo. Alisema asante, akafagia banda, akatandika mkeka wake, na asubuhi yake alikuwa amepalilia nyanya zangu bila kuambiwa. Hapo ndipo alipoukuta Mushinwa.

Akaja jikoni amemkumbatia kama mtoto, anamfuta udongo kwa kanga yake. Akaniuliza, "Dada, hii nani alikutobolea?"

Nikamwambia, Wafaransa.

"Walikuwa wanapika chumvi ya majivu?"

Nikasema hapana, walikuwa wanapenda dahabu.

Alilichungulia tundu, akatia kidole, akakizungusha. "Hapana, dada. Mutu anatoboa namna hii, sawasawa, katikati, anajua majivu."

Mama yake kule Kabambare alikuwa na chungu cha tundu, cha kuchujia majivu, na Mama Bitondo alikuwa amekiacha alipokimbia. Ndicho alichokuwa akikililia usiku kule kwa mbuzi, mimi nikidhani analilia nyumba. Alimsimamisha Mushinwa juu ya mawe matatu, akaziba tundu kwa majani makavu kidogo tu, akajaza majivu ya maganda ya ndizi na ya mikungu ya ngazi, matunda ya mchikichi, ile inayobaki watu wakishakamua mawese. Akamimina maji juu, akakaa. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, "Nangoja Wafaransa." Ulimi wake nao ulikuwa na makali, ndiyo maana tulipatana.

Maji yakaanza kudondoka, mekundu kama chai. Akaweka yai kupima ukali wake, likazama. Akayarudisha juu ya majivu. Jioni yai likaelea, kichwa juu. Tukayapika na mawese, tukakoroga kwa zamu, na kesho yake tulikuwa na sabuni, nyeusi, mbaya kwa macho, na povu lake likawa jeupe. Nilimfulia mama yako nguo, nikamwogesha mtoto wa Mama Bitondo kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikahamisha mkeka wao kwenye chumba cha nyuma. Alipita tu karibu na mbuzi akawaambia, "Kwaherini, jamaa zangu." Nilitamani ardhi inimeze, na nilicheka.

Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nikilisema neno hilo kwenye harusi za watu, kwa sauti kubwa. Sikujua kuwa maana yake ni majivu.

Alikaa mpaka njia ilipofunguka. Alinifundisha yote: majivu gani ni makali, gani ni ya uvivu, maji yapimwe vipi kwa ulimi bila kuuchoma, kwa nini hukorogi ukiwa na hasira. Hakutaka malipo. Alipoondoka nilimpa Mushinwa abebe, akakataa, akasema hawezi kupanda vilima na Mfaransa mgongoni. Hatukuonana tena. Ulipozaliwa, mama yako alikuita Feza, nami nikaongeza Bitondo. Watu wakiuliza huko Kindu kwa nini binti wa Kiislamu wa Kasongo ana jina la Kibangubangu, wewe waambie ni jina la aliyelala bandani kwa mbuzi zetu. Tembea na jina hilo vizuri.

Sabuni ile ndiyo iliyomlea mama yako baada ya mgodi kumchosha babu yako. Mikono yake ilianza kutetemeka. Naamini ni moshi ule wa zebaki, wa vijiko vingi, si kijiko kimoja. Hauna harufu, ndio ubaya wake. Wewe unakwenda kujifunza kupokea watoto wa watu. Ukiwapata wanawake wa wachimbaji, waulize ni nani anayepepea mkaa nyumbani kwao. Usiwagombeze. Waulize tu.

Ulipoletwa kwangu, umeachishwa ziwa juzi juzi, kama desturi yetu ilivyo kwamba mjukuu wa kwanza amsaidie bibi, babu yako aliweza bado kukushika akiwa amekaa. Alikuita bibi-arusi wake, ndiyo maana mimi na wewe ni wake wenza mpaka leo, ingawa yeye ametangulia. Ulikuwa ukilia usiku, naye akakubeba mpaka kwa Mushinwa, ukasikia lile tone, to, to, kwenye beseni, ukanyamaza. Kila siku ikawa hivyo. Alikuwa akiniambia, "Tia maji kwa mutungi wa mwenzako, alale." Nilikuwa natia maji juu ya majivu yaliyokwisha nguvu, maji ya bure kabisa, ili wewe ulale.

Na wewe ulinilipa. Ulitoka shule, mwaka wako wa kwanza, na chaki umeiba, usikane, ukaniambia, "Bibi, kaa." Ukaandika nyuma ya mlango wa jiko. Mimi ambaye baba yangu alisema kalamu haipandi mihogo, nilikaa kwenye kigoda hiki hiki mjukuu wangu akinipigia makofi kwa herufi A. Neno langu la kwanza lilikuwa SABUNI. Tulilichora kwa kijiti juu ya sabuni mbichi, na herufi ya U ilitazama chini. Watu wa soko walicheka na walinunua. Leo najaza kurasa na mkono hauumi sana. Nani alinipa hii? Hukunipa mikono yako tu, Feza. Mikono ndiyo kidogo kuliko yote uliyonipa.

Basi, jibu. Nakaa hapa nikikumbuka, na naona hivi. Mchina aliyefinyanga hakumfikiria Mfaransa. Mfaransa aliyetoboa hakunifikiria mimi. Alikuwa anataka simba wake wakae sawa. Ramazani alipofungua ile nati alikuwa anataka mke wake anyamaze. Hakuna hata mmoja aliyejua anachotengeneza, na mimi nimekula kwa kazi yao maisha yangu yote. Nawashukuru. Katika swala zangu namtaja yule Mfaransa, sijui jina lake, nasema tu yule aliyetoboa katikati. Ule wa Nyangwe nao una tundu chini ya nyayo zake, ninaamini, ila hakuna aliyewahi kuupindua. Mama Sifa alinitumia salamu mwezi uliopita. Anauliza kama nina sabuni.

Sitakuweka juu ya kabati. Ndiyo maana yangu yote. Nikikubakiza hapa mwaka huu kwa sababu ya beseni, mwaka ujao itakuwa mgongo, halafu macho, na utakuwa mzuri sana na umefunikwa kitambaa.

Na kazi haitakufa. Beseni kubwa ya kubebea majivu nimempa jirani. Nimechukua kopo la maziwa, lile la bati, napandisha majivu kopo kwa kopo. Nilijaribu juzi ulipokwenda kushona sare. Inachukua muda mrefu na nakaa chini mara nyingi katikati. Lakini Mushinwa akajaa. Yai lilielea. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kwanza nione kama nitaweza tena kesho yake. Niliweza.

Chini ya nguo zako, ndani ya ile kanga ya kijani, kuna kitu kizito. Usikitoe mbele ya shangazi zako, watasema nimezeeka vibaya. Ni Simba. Nimemsugua kwa majivu na ndimu. Dhahabu hairudi, usitazamie, lakini nyayo zote nne zipo. Ukifika, mtafutie mahali penye sakafu sawa, utegee sufuria yako juu yake. Anashika vizuri kuliko mawe. Mtu akikuambia ni kitu cha Ulaya na anataka kukinunua, mwambie sufuria iko motoni.

Kesho pikipiki itakuja mapema. Nitakubariki mlangoni, kwa kukupulizia maji toka mdomoni kwangu, kama mama zangu walivyonifanyia, na utalowa, usilalamike. Sitakusindikiza barabarani. Magoti yangu hayapendi barabara, na mimi sipendi kuonwa. Nitarudi jikoni.

Kabla hujapanda, mwambie motari azime mashine ya pikipiki kidogo. Sikiliza upande wa jiko. Ukisikia maji yanadondoka kwenye beseni, ujue nimeanza bila wewe.

Basi panda.

Bibi yako, mke mwenzako,
Riziki